Kanisa Lililoungua na Kanisa Lililojengwa Ubavuni Mwake

Mtu atokaye Kenya akafika London, ikiwa kwa masomo, kwa kazi au kwa kuwazuru jamaa zake, kwa desturi huonyeshwa Westminster Abbey na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, akapiga picha zake, akarudi alikofikia akiona kwamba ameyamaliza makanisa ya Uingereza. Ni wachache waendao kwenye stesheni ya Euston wakapanda gari moshi la kaskazini-magharibi, safari ya saa moja hivi, wakateremka katika mji wa Coventry. Mji huo hausifiwi kwa uzuri. Ni mji wa viwanda, wenye barabara pana na majumba ya zege ambayo hayana la kumshangaza mgeni. Lakini katikati yake pana makanisa mawili makubwa yaliyogusana, moja halina paa na la pili halifanani na kanisa lolote alilopata kuliona, na mtu akiisha kuyatembelea hayo hayasahau upesi.

Kabla ya kuyaeleza yafaa isemwe kwamba hata mkulima ambaye hajapata kulisikia jina la Coventry ana deni kwa mji huo. Mwaka 1885 J. K. Starley alitengeneza hapo baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo baiskeli ilikuwa na gurudumu moja kubwa kupita kiasi na jingine dogo, na mpandaji alihatarisha shingo yake. Kila baiskeli ipelekayo maziwa au kabeji sokoni leo ni mjukuu wa ile ya Starley. Kutoka baiskeli mafundi wa Coventry wakaingia katika motokaa, na kutoka motokaa wakaingia katika mitambo ya eropleni. Na kwa sababu ya mitambo hiyo, Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mji ule haukuweza kuachwa salama.

Coventry ulikuwa na kanisa kuu tangu zamani sana. La kwanza lilikuwa la watawa, lililoanzishwa mwaka 1043 na Bwana Leofric na mkewe Godiva, nalo likabomolewa zama za Mfalme Henry wa Nane alipozivunja nyumba za watawa. La pili lilikuwa kanisa la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa katika karne ya 14 na ya 15 kwa mawe mekundu ya mchanga, kwa fedha za wafanya biashara wa sufu na nguo. Mnara wake pamoja na ncha yake wafikia karibu futi 300, na wajenzi wake hawakuwa na mashine kama za leo. Mwaka 1918 kanisa hilo likapewa heshima ya kuwa kanisa kuu la askofu. Heshima hiyo ililidumu miaka 22 tu kabla halijaungua.

USIKU WA MWEZI

Usiku wa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1940, mbingu ilikuwa nyeupe na mwezi ulikuwa mpevu. Yapata saa moja na dakika ishirini usiku ndege za Wajerumani zikaanza kufika, na hazikukoma mpaka saa kumi na mbili na robo asubuhi. Zilikuwa zaidi ya 400. Watu zaidi ya 550 walikufa usiku ule mmoja, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika kabisa.

Juu ya paa la kanisa walikuwako watu wanne waliojitolea kulinda moto: Provost Richard Howard, yaani padre mkuu wa kanisa lile, Jock Forbes, fundi mwashi aliyekuwa akitunza mawe yake, na vijana wawili. Silaha zao zilikuwa ndoo za mchanga, maji na masepetu. Mabomu yaliyoliangukia kanisa hayakuwa ya kubomoa bali ya kuwasha moto. La kwanza walilifukia kwa mchanga wakalitupa chini, na la pili vivyo hivyo. Kisha yakaja mengi kwa pamoja. Paa la kanisa lilikuwa na tabaka mbili, juu mabamba ya risasi na chini dari ya mbao za mwaloni zilizokauka kwa miaka mia tano, na moto ukapenya katika nafasi iliyo baina ya tabaka hizo mbili, mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu. Wazima moto wakaja kutoka mji wa jirani, Solihull, wakafungua mipira yao, maji yakatoka kwa muda mfupi, yakakatika. Mabomba makubwa ya mji yalikuwa yamekwisha kupasuliwa na mabomu.

Wale watu wanne wakaingia ndani wakaokoa walivyoweza kuvichukua: msalaba wa madhabahu, vinara vya mishumaa, kikombe cha Ushirika, na bendera za kikosi cha askari wa jimbo lao. Wakatoka nje wakasimama wakatazama. Mtu yeyote aliyepata kusimama nje ya nyumba yake inayoungua, ndoo tupu mkononi, aweza kufahamu hali yao bila kuelezwa zaidi.

Asubuhi paa lilikuwa limetoweka na nguzo zimelala chini kama magunia. Zilisalia kuta za nje na ule mnara mrefu, ambao kwa ajabu haukuguswa. Fundi Forbes alipokuwa akipita katika kifusi aliona boriti mbili zilizoungua, zimeanguka moja juu ya nyingine mfano wa msalaba. Akazifunga pamoja akazisimamisha. Padre mmoja wa mji, A. P. Wales, akaokota misumari mitatu ya zamani iliyokuwa imeshika paa, kila mmoja mrefu kama kisu, akaiunganisha ikawa msalaba mdogo. Baadaye Forbes alijenga madhabahu kwa mawe ya kifusi, na ule msalaba wa boriti ukawekwa nyuma yake. Msalaba uliopo hapo leo ni wa mfano. Ule wenyewe umehifadhiwa ndani ya kanisa jipya, usiozeshwe na mvua.

Wiki iliyofuata wafu walizikwa katika makaburi ya pamoja, kwa kuwa wengi hawakuweza kutambulikana. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, wiki sita tu baada ya moto, Provost Howard alisema katika redio ya BBC kutoka katika magofu, na maneno yake yakasikiwa mbali. Hakuomba kisasi. Alisema kwamba yeye na watu wake wanajitahidi, ingawa ni vigumu, kuzifukuza fikira za kulipiza, na kwamba vita itakapokwisha watajaribu kuujenga ulimwengu ulio na upole zaidi. Mwaka 1948 yakachongwa ukutani, nyuma ya ile madhabahu ya kifusi, maneno mawili: Baba, Samehe.

Msomaji aijuaye Injili atatambua upesi kwamba kuna kitu kimepunguzwa hapo. Yesu msalabani aliwaombea wale waliomsulibisha, na katika Biblia yetu neno lenyewe ni “uwasamehe”. Howard aliacha kusudi lile “wa”. Kwa Kiingereza ni neno zima lililoachwa. Kwa Kiswahili ni silabi moja tu, lakini ukiiondoa humjui tena asamehewaye ni nani. Hilo ndilo alilolitaka. Hakukubali kwamba wenye kuhitaji kusamehewa walikuwa upande mmoja tu wa bahari.

Si watu wote waliopendezwa. Katika mji ambamo mtu alikuwa amemzika mkewe au mwanawe bila kuuona mwili, maneno yale yaliwachoma wengi, na yasingeweza kukosa kuwachoma. Ni vema kulikumbuka jambo hili mtu asimamapo mbele ya ukuta ule, maana leo wageni huyasoma maneno yale upesi sana, wakapiga picha, wakaendelea mbele.

SHAURI LA KUJENGA

Baada ya vita pakatangazwa mashindano ya kuchora ramani ya kanisa jipya. Michoro 219 ilipelekwa, na mwaka 1951 ikachaguliwa ile ya Basil Spence, Mskoti aliyezaliwa Bombay katika nchi ya Bara Hindi. Spence alikuwa askari wakati wa vita. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba huko Normandy, mwaka 1944, aliona makanisa mazuri ya zamani yakivunjwa kwa mizinga ya vifaru, kwa kuwa adui alikuwa amejificha minarani, na usiku ule alipoulizwa na mwenzake analitamani jambo gani katika maisha yake, akajibu kwamba atamani kujenga kanisa kuu.

Wengi wa walioshindana walidhani magofu yataondolewa. Spence aliyaacha kama yalivyo, akaliweka kanisa jipya ubavuni, limeelekea kaskazini, hali makanisa mengi huelekea mashariki, akayaunganisha yote mawili kwa ukumbi mrefu wenye paa. Namna alivyopata jambo jingine kubwa katika mchoro wake ni kisa cha kuchekesha kidogo. Alikuwa akiumwa jino lenye usaha, akaenda kwa daktari wa meno, akapewa dawa ya usingizi. Na katika usingizi ule akajiona akitembea ndani ya kanisa lake, haoni dirisha lolote, mpaka alipofika kwenye madhabahu akageuka nyuma. Alipoamka alijua namna ya kuzijenga kuta. Mambo ya jino hayajapata kulifaa Kanisa la Kiingereza kiasi hicho.

Kuchora ni kitu kimoja, na kupata ruhusa ni kingine. Miaka ile vifaa vya ujenzi vilitolewa kwa kibali cha Serikali, na mwaka 1954 Baraza la Mji wa Coventry lilimwomba Waziri asitoe kibali kwanza. Madiwani walisema kwamba watu wao bado hawana nyumba na watoto hawana shule za kutosha, na waashi ni wachache, kanisa lingoje. Mtu yeyote aliyepata kukaa katika kamati ya kijiji wakati wa kuamua kama mabati yaliyopatikana yaezeke kanisa au shule ajua kwamba hoja ya madiwani haikuwa ya kipumbavu. Waziri, Sir David Eccles, alijibu kwamba kanisa lile si la Coventry peke yake, akatoa kibali. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika mfuko wa Serikali wa kulipia hasara za vita. Malkia Elizabeth wa Pili aliweka jiwe la msingi tarehe 23 Machi 1956, na kanisa likawekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962.

KUINGIA NDANI

Mgeni afanye vema aanzie katika magofu. Ni uwanja mtupu, mawe chini na mbingu juu, na madirisha yasiyo na vioo. Mabao ya kukalia yamewekwa huku na huku, na watu wa mji hula chakula chao cha mchana hapo. Wako watoto wakimbiao mahali palipokuwa na nguzo.

Kutoka hapo akishuka kwenye ngazi ataona kwenye ukuta wa nje wa kanisa jipya sanamu kubwa ya shaba nyeusi. Ni Malaika Mikaeli, mabawa yameenea, mkuki mkononi, na Shetani amelala chini ya miguu yake, mikono imefungwa kwa minyororo. Aliyeitengeneza ni Jacob Epstein, Myahudi aliyezaliwa New York. Spence alipolitaja jina lake mbele ya kamati, mmoja akanung’unika kwamba huyu ni Myahudi. Spence akamkumbusha kwamba Yesu Kristo naye alikuwa Myahudi, na maneno yakaishia hapo. Epstein aliimaliza kazi ile lakini hakuiona ikisimamishwa ukutani. Alikufa mwaka 1959, na sanamu ikafunuliwa mwaka uliofuata. Jambo la kuangalia ni uso wa yule Shetani. Hana sura ya mnyama wala mkia wa kutisha watoto. Ni mtu mzima, mwenye nguvu, aliyeshindwa.

Badala ya milango mikubwa ya mbao, upande wa kuingilia ni ukuta wa kioo tangu chini hata dari. John Hutton, mzaliwa wa New Zealand, alitia nakshi juu ya kioo hicho sura 66 za watakatifu na malaika kwa kukikwaruza kwa gurudumu dogo la kusagia lizungukalo, kazi iliyomchukua miaka. Watakatifu wamenyooka, wembamba, kama watu waliokonda kwa kufunga. Malaika wanaruka na kupuliza tarumbeta. Mtu akisimama ndani akatazama nje, aona magofu kupitia katikati yao. Hutton mwenyewe alipokufa majivu yake yalizikwa karibu na mahali pale.

Ndani, mkono wa kulia, ni mahali pa ubatizo. Hapana birika la marumaru wala kifuniko cha kuchongwa. Pana jabali lililoletwa kutoka kilimani karibu na Bethlehemu, uzito wake tani tatu hivi, likaachwa na sura yake ya porini. Juu yake tu pamechimbwa kishimo mfano wa kombe la pwani, hapo ndipo maji hutiwa. Nyuma ya jabali pamesimama dirisha kubwa lililopinda kidogo, lenye vyumba 195 vya vioo vya rangi, lililochorwa na John Piper na kutengenezwa na Patrick Reyntiens. Halina picha ya mtu yeyote. Pembeni ni buluu, kijani na wekundu wa udongo, na kadiri macho yaendavyo katikati rangi zazidi kuwa njano, kisha nyeupe, hata panakuwa kama jua limepasuka ndani ya ukuta. Saa za asubuhi mwanga wake huanguka juu ya jiwe na sakafu. Wengi waliofika Coventry husema kwamba hapa ndipo pazuri kupita pote, na ni vigumu kuwabishia.

Kisha mgeni huanza safari ya kwenda mbele, na hapo ndipo aionapo ile ndoto ya jino. Nguzo za zege ni nyembamba, tena huzidi kuwa nyembamba kadiri zishukavyo, hata zagusa sakafu kama fimbo iliyochongwa ncha. Kuta za kando ni mawe matupu. Vioo havionekani popote, ingawa rangi zake zaonekana zimemwagika sakafuni, na mtu hujiuliza zatoka wapi. Kuta zimejengwa kwa kujikunjakunja kama meno ya msumeno, na madirisha yametiwa katika upande wa meno uelekeao madhabahu. Aingiaye kutoka mlangoni hayaoni hata moja.

Mbele, ukuta wote wa mwisho umefunikwa na zulia moja lililofumwa, kimo chake futi 75 hivi na upana wake karibu futi 40, uzito wake yapata tani moja. Graham Sutherland alichora, na wafumaji wa Kifaransa wa mji wa Felletin wakalifuma kipande kimoja bila kiungo. Tangu Sutherland alipopewa kazi ile hata zulia lilipotundikwa ilipita miaka kumi. Chini rangi yake ni kijani, kijani cha majani mabichi baada ya mvua. Kristo ameketi katika utukufu, mikono imeinuliwa, na kandokando yake viumbe vinne vya Ufunuo, yaani mtu, simba, ndama na tai. Wako wasemao kwamba uso wake ni mkali, au kwamba mwili wake una umbo la ajabu, mpana chini kama yai. Huenda ni kweli. Lakini mgeni atazame baina ya miguu miwili. Hapo amesimama mtu mmoja, kimo cha kawaida cha binadamu, na kutoka mlangoni haonekani kabisa. Ni mtu akaribiapo ndipo atambuapo ukubwa wa yule aliyeketi, kwa kupimana na huyu mdogo asimamaye chini yake.

Pembeni pana kikanisa kidogo cha Gethsemane, ambacho hutazamwa kupitia taji ya miiba iliyofuliwa kwa chuma. Ndani yake, katika vipande vidogo vya dhahabu, malaika wa Steven Sykes ashika kikombe. Upande mwingine ni kikanisa chenye umbo la nyota, kilichotengwa kwa Wakristo wa madhehebu yote, na sakafu yake ya vijiwe vya rangi ilikuwa zawadi ya watu wa Sweden. Inatosha kuvitaja, ingawa mwenye nafasi aweza kukaa humo nusu siku.

Sasa mgeni ageuke. Madirisha yote kumi yamemtokea kwa mara moja, kila moja kimo cha futi 70, mawili mawili yakitazamana: kijani cha ujana na kuanza, wekundu, kisha rangi zilizochanganyika za mapambano ya maisha, zambarau ya mtu mzima, na dhahabu ya mwisho. Yaliyokuwa yamefichika wakati wa kwenda yameonekana wakati wa kurudi. Vijana wa miaka ishirini huyasifu kwa rangi. Wazee huketi chini wakakaa kimya.

Kabla ya kutoka, yafaa mgeni aangalie mabamba manane ya mawe yaliyoshikamana na kuta, yenye maneno ya Maandiko. Herufi zake hazikunyooka kama za kitabu. Zimechongwa kwa mkono, nyingine kubwa nyingine ndogo, kama za Wakristo wa kwanza walioandika makaburini mwa Roma. Aliyezichonga ni Ralph Beyer, Mjerumani wa Berlin, aliyekuja Uingereza akiwa kijana kabla ya vita. Mamaye, aliyekuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alifia katika kambi ya Auschwitz. Mgeni asiyejua habari hii hupita akiyaona mabamba kuwa pambo, na mlinzi wa kanisa asipomwambia ataondoka bila kujua.

WAJERUMANI WALIOREJEA

Kabla kanisa halijafunguliwa, vijana 16 wa Kijerumani walifika Coventry wakakaa miezi sita. Walikuja kwa hiari yao, na kazi yao ilikuwa kuvigeuza vyumba vya mapadre vilivyoungua katika magofu viwe nyumba ya kukutania watu wa mataifa. Walichanganya saruji na kubeba matofali mahali walipopiga baba zao.

Wiki ile ya kufungua kanisa, tarehe 30 Mei 1962, uliimbwa hapo kwa mara ya kwanza wimbo mkuu wa Benjamin Britten wa kuwaombea waliokufa vitani. Alikusudia waimbaji watatu, Mwingereza, Mjerumani na Mrusi mwanamke. Mwingereza na Mjerumani walisimama pamoja. Serikali ya Kirusi ilimzuia yule mwanamke, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine.

Mwaka 1965 zamu ikawa ya Waingereza. Vijana wa Coventry na wa mahali pengine walikwenda Dresden, Ujerumani ya Mashariki, kusaidia kujenga upya hospitali ya masista wa Kiprotestanti. Dresden ulipigwa kwa mabomu na Waingereza na Wamarekani katika Februari 1945, wakafa watu wapatao 25,000, idadi iliyo zaidi ya mara arobaini ya wale wa Coventry. Kanisa lake kubwa, Frauenkirche, lilisimama siku mbili likiwaka, kisha likaanguka. Halikujengwa upya mpaka ilipofika mwaka 2005, na msalaba wa dhahabu ulio juu ya kuba lake ulifanywa na fundi Mwingereza ambaye baba yake alikuwa mmoja wa warubani waliopelekwa kuupiga mji ule.

Misalaba ya misumari mitatu, mfano wa ile ya Padre Wales, imepelekwa katika makanisa na nyumba nyingi za nchi mbalimbali. Ya kwanza ilikwenda Ujerumani, mji wa Kiel, mwaka 1947, wakati Coventry wenyewe ulikuwa bado una mashimo ya mabomu mabarabarani.

Msafiri awezaye kuchagua siku yake na aende Ijumaa. Saa sita mchana padre hutoka kanisa jipya akaenda mbele ya madhabahu ya kifusi, na walio karibu husogea: wageni wenye mifuko ya safari, makarani waliotoka maofisini kwa chakula, mara nyingine darasa zima la watoto wa shule. Sala ni fupi. Hutaja chuki baina ya taifa na taifa, tamaa ya mali, kiburi na mengine, na kila moja likitajwa watu huitikia yale maneno mawili yaliyo ukutani. Hapana paa, kwa hiyo mvua ikinyesha husaliwa mvuani. Sala ikiisha makarani hurudi kazini mbio, maana saa ya chakula haiongezwi, na wageni hupandisha kola za makoti yao wakaenda kuitafuta stesheni.